Jaribio la Kwanza la Nzi wa Matunda Ukiwa Malindi: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti Chipukizi wa Sayansi ya Ubongo

Kila mwaka, vijana wa hapa Malindi waliomaliza shahada ya kwanza ya biolojia huniletea barua zao za maombi nizisome kabla hawajazituma ng'ambo. Barua hizo hufanana kama mapacha: mwandishi ameupenda ubongo tangu utotoni, ana bidii, na yuko tayari kupokea nafasi yoyote. Hazijibiwi. Nikimshauri mmoja wao afanye kwanza jaribio dogo la nzi wa matunda ili awe na la kusema, hurudi baada ya miezi miwili na chupa iliyoota kuvu au, vibaya zaidi, na daftari lililojaa tarakimu zisizoweza kuthibitisha lolote, kwa sababu alihesabu kitu ambacho hakikupaswa kuhesabiwa.

Mwongozo huu unakutoa kwenye chupa tupu hadi kwenye ukurasa mmoja wa matokeo unaoweza kuambatanishwa na barua. Kazi itachukua miezi mitatu hivi. Nimemchagua nzi badala ya mnyoo *C. elegans*, ambaye ana nyuroni (seli za neva) 302 tu na kwa hiyo huonekana mwepesi zaidi, kwa kuwa mnyoo huyo hudai hadubini kila siku, bakteria wa kumlisha na sahani zisizo na vijidudu vingine. Nzi hudai ndizi na uji. Isitoshe, ramani ya ubongo mzima wa nzi jike aliyekomaa, yenye nyuroni zipatazo 139,000 na miunganisho takriban milioni 50, ilichapishwa mwaka 2024 na iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Vichupa 60 vya plastiki angavu vyenye urefu wa sentimita 9 au 10 na upana wa sentimita 2.5, vyote vya aina moja.
- Pamba safi na kitambaa chepesi cha neti.
- Kasha jeupe jepesi la barafu, kama lile wachuuzi wa samaki wanalobebea mzigo wao, na chupa nne za maji za nusu lita.
- Vipimajoto viwili, kimoja chenye kuhifadhi joto la juu kabisa na la chini kabisa la siku.
- Unga wa mahindi, hamira kavu, sukari, agari, asidi ya propioniki ya kuzuia kuvu, na nipajini, dawa nyingine ya kuzuia kuvu, iliyoyeyushwa katika spiriti kwa kiwango cha asilimia 10.
- Mizani inayopima gramu moja, glovu na miwani ya kukinga macho.
- Kioo cha kukuzia au hadubini ndogo ya kukuza mara 20 hadi 40.
- Mrija laini wa plastiki wa nusu mita, uliozibwa katikati kwa neti, wa kuvutia nzi kwa pumzi.
- Simu yenye kamera, kitu cha kuisimamisha, na daftari lenye kurasa zilizotiwa namba.

Agari ndiyo ile ile ambayo baadhi ya jikoni za pwani huigandishia faluda, hivyo ukiikosa kwa wauza vifaa vya maabara, jaribu maduka ya viungo.

## Hatua ya 1: Pata msimamizi na uulizie vibali

Mtafute mhadhiri mmoja akubali kulisoma daftari lako mara moja kila wiki mbili. Hahitaji kuwa bingwa wa ubongo. Mtu anayefundisha takwimu au wadudu anafaa sana. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapa, na anayeishi Malindi anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Utafiti unaofanyika Kenya kwa nia ya kuchapishwa huhitaji leseni ya NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na ofisi ya utafiti ya chuo cha msimamizi wako ndiyo itakayokuelekeza. Usimpelekee mtu wa nje nzi hata mmoja kwa posta kabla ya kuulizia, hata akikuomba kwa upole.

## Hatua ya 2: Dhibiti joto kabla ya kumleta nzi

Hapa ndipo wengi huangukia, nao hulaumu chakula. Nzi wa matunda hulelewa vizuri kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ambapo yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Kwenye nyuzi 18, safari hiyo huchukua karibu maradufu. Joto likikaribia nyuzi 30 kwa muda mrefu, madume hupoteza uwezo wa kuzalisha, na wewe hutaligundua jambo hilo mara moja, kwani nzi wataendelea kuruka na kupandana kama kawaida huku chupa zikikosa mabuu. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, chumba cha kawaida cha Malindi chenye bati juu hupita kiwango hicho kila mchana.

Weka kasha la barafu kwenye chumba cha chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Mwenye nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, iwe Malindi au Lamu, tayari ana nusu ya dawa. Gandisha chupa mbili za maji, ziweke ndani ya kasha zikiwa zimefungwa kwa taulo, na uzibadilishe kwa zile nyingine mbili asubuhi na jioni. Kata dirisha kwenye kifuniko na ulizibe kwa plastiki ngumu angavu, kwa sababu nzi anayekaa gizani mchana kutwa hupotewa na saa ya mwili wake, na tabia unayotaka kuipima huvurugika. Karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima, kwa hiyo mwanga wa dirishani unatosha.

Simamisha kasha juu ya meza ambayo kila mguu wake umo ndani ya kopo la maji yenye tone la sabuni. Sisimizi wa pwani hawahitaji kukaribishwa mara mbili, na usiku mmoja unawatosha kumaliza kizazi kizima cha mabuu.

Andika joto la juu na la chini kwa siku saba mfululizo kasha likiwa bado tupu. Ikiwa siku zote saba zimebaki kati ya nyuzi 23 na 27, endelea. Ikiwa hazikubaki, ongeza chupa ya barafu au badilisha chumba, na uanze kuhesabu upya. Usilete nzi kwa matumaini kwamba mambo yatatulia yenyewe.

## Hatua ya 3: Pika chakula

Kwa lita moja ya maji, pima agari gramu 10, sukari gramu 50, hamira gramu 18 na unga wa mahindi gramu 65. Chemsha agari katika robo tatu ya maji hadi iyeyuke kabisa. Koroga unga, sukari na hamira katika maji baridi yaliyobaki ili kuepuka madonge, mimina ndani ya sufuria, kisha upike kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15 huku ukikoroga bila kuacha, mpaka upate kitu kizito kama uji wa mgonjwa.

Ondoa sufuria motoni na usubiri joto lishuke chini ya nyuzi 60. Sasa tia asidi ya propioniki mililita 5 na mililita 10 za nipajini iliyo katika spiriti. Ukizitia uji ukiwa bado unatokota, zitapaa na mvuke, na kuvu itakurudia ndani ya siku nne. Asidi hii huunguza ngozi na macho, nayo spiriti hushika moto, kwa hivyo vaa glovu na miwani, fungua madirisha, na uhakikishe hakuna jiko linalowaka karibu.

Baadhi ya wanafunzi hutumia siki mahali pa asidi. Katika miezi mikavu huponea chupuchupu; masika yakiingia, kuvu hushinda.

Mimina uji katika kila kichupa kwa kimo cha vidole viwili, funika vyote kwa neti, na uviache usiku kucha. Matone ya mvuke yakibaki ukutani, nzi watanasa na kuzama humo. Chakula kizuri huwa kimeganda bila kumeguka, hakiteremki ukikiinamisha kichupa, na ukuta wa kichupa ni mkavu. Weka vichupa vitatu bila nzi kwa siku saba. Vikikaa bila kuvu, upishi wako umekubali.

## Hatua ya 4: Tega, tambua, na uanzishe ukoo wa mama mmoja

Ukiweza kupata kupitia msimamizi wako mbegu ya nzi wa maabara iliyokwisha kutambuliwa, ichukue na uruke hatua hii. Asiyeipata atege. Weka kipande cha ndizi mbivu kilichonyunyiziwa hamira ndani ya chupa, tia mdomoni faneli ya karatasi yenye tundu la milimita 5, na uiache karibu na jalala la matunda asubuhi mapema au magharibi.

Tatizo ni kwamba watakaoingia si wote unaowataka. Nzi mkubwa wa maembe, *Bactrocera dorsalis*, aliyegunduliwa nchini mwaka 2003 na kuwatia hasara wakulima wengi, ana umbo linalomkaribia nyigu na hutaga katika embe zima lililo mtini. Huyo si wako. *Zaprionus* ana mistari meupe mgongoni kutoka kichwani kurudi nyuma. Huyo pia mwache. Unayemtaka, *Drosophila melanogaster*, ana urefu wa milimita 2.5 hadi 3, macho mekundu, na mwili wa rangi ya asali iliyokoza. Dume lake lina ncha ya tumbo nyeusi, na kwenye miguu ya mbele lina vijichanuo vyeusi.

Hata hivyo, *Drosophila simulans* ana sifa hizo zote, na majike ya jamii hizi mbili hayatofautishwi kwa macho. Ndiyo sababu kila jike lazima liwe na kichupa chake. Madume kwa kawaida yamekwisha kulipanda kabla hujalikamata, hivyo litataga bila wewe kuongeza dume. Wana wake wakitoka, chunguza madume chini ya hadubini: sehemu ya uzazi ya *simulans* ina vipande viwili vikubwa vya mviringo, ilhali vya *melanogaster* ni vidogo na vyembamba. Mwombe msimamizi au mtu wa wadudu athibitishe kwa picha. Ukoo wa mama mmoja huwa pia na tofauti chache za kurithi kuliko kundi la mchanganyiko, na hilo litakupunguzia mtawanyiko usio na maana katika hesabu zako baadaye.

Lea koo tatu, kisha uchague moja inayozaa vizuri. Wahamishie nzi kwenye chakula kipya kila baada ya siku tatu hadi nne. Ukiona vidoadoa vyeupe vinavyotambaa juu ya pupa (buu lililojifunga ganda kabla ya kuwa nzi), huo ni utitiri: tupa kichupa hicho nje ya nyumba siku hiyo hiyo, na usikionee huruma.

## Hatua ya 5: Panga umri

Jaribio lenyewe ni la kupanda ukuta. Nzi akigongwa hadi chini, hupanda mara moja kwa sababu mfumo wake wa neva humwelekeza kinyume na mvuto wa ardhi. Uwezo huo hupungua anapozeeka, jambo linalojulikana vizuri katika maabara nyingi. Wanafunzi huniuliza kwa nini nawapa swali ambalo jibu lake lipo. Ninawapa hilo kwa sababu jibu lipo. Ukishindwa kuona tofauti kati ya kijana na mzee, kosa liko mikononi mwako, na ni afadhali ulijue kabla hujauliza jambo ambalo hakuna anayelijua.

Siku ya kwanza, saa moja asubuhi, toa nzi wote waliokomaa kwenye chupa za ukoo wako. Asubuhi inayofuata, kusanya madume yaliyoanguliwa ndani ya saa hizo 24. Chagua madume pekee, kwa kuwa majike yenye mayai ni mazito na hupanda kwa namna tofauti. Ili kuyatenganisha, walaze nzi juu ya sahani kavu iliyowekwa kwenye barafu, wasizidi dakika 10, na uweke karatasi chini yao ili wasilowe.

Tia madume 15 katika kila kichupa, vichupa vinane. Hao ndio wazee. Wahamishe kila baada ya siku tatu na uandike wanaokufa. Siku 31 baadaye, kusanya kwa njia ile ile vichupa vinane vya vijana kutoka ukoo huo huo. Hivyo basi, siku ya jaribio wazee watakuwa na siku 35 na vijana siku 4, na wote watapimwa asubuhi moja, chini ya joto moja, kwa mkono mmoja.

Jioni ya kuamkia jaribio, tumia mrija wa pumzi kubakisha nzi 10 katika kila kichupa. Usitumie barafu tena, kwani nzi aliyegandishwa huhitaji siku nzima au mbili kurudia hali yake.

## Hatua ya 6: Fanya jaribio

Anza saa tatu asubuhi. Zima pangaboi. Weka karatasi nyeupe nyuma ya meza na uhakikishe mwanga haumiminiki kutoka upande mmoja, kwa maana nzi hukimbilia mwanga na utakuwa umepima jambo jingine.

Unganisha vichupa viwili vitupu na vikavu mdomo kwa mdomo kwa selotepu, na uchore mstari sentimita 8 kutoka chini. Andaa jozi 16 za namna hiyo. Mpe mtu wa nyumbani avibandike vichupa namba za kubahatisha, na orodha ya nani ni mzee na nani ni kijana abaki nayo mwenyewe hadi utakapomaliza kuhesabu. Usidhani jicho lako ni la haki. Jicho linalotarajia mzee ashindwe humwona akishindwa.

Hamishia nzi ndani ya jozi na uwaache watulie dakika 10. Washa kamera. Gonga jozi mara tatu juu ya taulo lililokunjwa ili wote waanguke, kisha uisimamishe. Sekunde ya 10 ikifika, idadi ya waliovuka mstari ndiyo jibu la mzunguko huo. Pumzisha dakika moja, urudie, mpaka upate mizunguko mitano. Hesabu kutoka kwenye video wala si kwa jicho la papo hapo, na uihifadhi video hiyo mahali pawili.

Vijana wenye afya huvuka wengi wao, mara nyingi saba au zaidi kati ya kumi. Ikiwa vijana wako hawafikii nusu, usiendelee. Angalia kama ukuta una unyevu, kama chumba kilikuwa baridi, au kama kishindo chako kilikuwa kikali mno na kimewaumiza.

## Hatua ya 7: Hesabu vichupa, usihesabu nzi

Makala yangu ya kwanza ilirudishwa kwa kosa hili. Nilikuwa na nzi 100 wazee ndani ya chupa moja na nzi 100 vijana ndani ya nyingine, nikajigamba kwamba nina nzi 200. Mhakiki aliandika sentensi moja tu: una chupa mbili.

Alikuwa na haki. Nzi wanaoishi pamoja hula chakula kimoja, hupata unyevu mmoja na hugongwa kwa kishindo kimoja. Chupa ikiwa na kasoro, wote wanaipata pamoja. Kwa sababu hiyo, kipimo chako ni kichupa. Tuseme kichupa namba 1 kilitoa 8, 7, 9, 8 na 8. Jumla ni 40 kati ya 50, yaani asilimia 80, na hiyo ndiyo namba moja ya kichupa hicho. Mwishoni utakuwa na namba nane za vijana na nane za wazee, basi.

Kuzilinganisha, hebu fikiria kila namba imeandikwa kwenye karata. Toa wastani wa wazee kwenye wastani wa vijana na uiandike tofauti hiyo. Sasa changanya karata zote 16 kama wachanganyavyo barazani, uzigawe nane nane bila kuangalia, na uihesabu tofauti mpya. Rudia mara 1,000. Programu ya takwimu iitwayo R, isiyolipiwa, itakufanyia kazi hiyo kwa sekunde chache. Ikiwa bahati peke yake imeleta tofauti kubwa kama yako, kwa upande wowote, chini ya mara 50 kati ya 1,000, una sababu ya kuamini kwamba umri umehusika.

Chora kila kichupa kama nukta yake; usifiche nukta nyuma ya nguzo za wastani. Taja pia ni wazee wangapi walikufa kabla ya siku ya 35, kwa sababu uliowapima ni wale waliosalia, na huenda walikuwa wenye nguvu kuliko wenzao.

## Hatua ya 8: Uliza swali lako mwenyewe

Mkono ukishathibitika, badilisha jambo moja tu. Mfano unaotoka hapa hapa nyumbani: je, usiku mmoja wa joto la Machi huathiri upandaji wa asubuhi yake? Vichupa vinane hulala kwenye nyuzi 25, vinane kwenye 31, kisha vyote hukaa saa mbili kwenye 25 kabla ya kupimwa, ili upime athari ya usiku na si joto la wakati ule. Andika matarajio yako pamoja na tarehe kabla ya kuanza, msimamizi atie sahihi. Swali kama hili halihitaji mashine ghali, na wanaoishi kwenye joto ndio wanaofikiria kuliuliza.

## Hatua ya 9: Ukurasa mmoja na barua

Ukurasa huo uwe na swali, namna ulivyofanya, mchoro mmoja, na aya fupi ya udhaifu wa kazi yako. Usiuache udhaifu nje. Msomaji mwenye uzoefu atauona, na atataka kujua kama nawe umeuona.

Barua iwe na aya tatu. Ya kwanza ieleze ulichokifanya, kwa sentensi mbili. Ya pili itaje makala moja ya mtu huyo uliyoisoma hadi mwisho, na swali moja ambalo makala hiyo imekuachia. Ya tatu iseme unachokiomba kwa jina lake: uanagenzi wa miezi mitatu, nafasi ya uzamili, au ushauri wa nusu saa. Usiandike kwa watu 40 kwa siku moja kwa maneno yale yale. Andika kwa watano.

Mahali pa kuanzia pako karibu kuliko inavyodhaniwa. Kituo cha icipe jijini Nairobi hushughulika na wadudu na hulea wanafunzi wa uzamivu kutoka sehemu nyingi za Afrika. Mashirika ya TReND in Africa na DrosAfrica yamekuwa wakiendesha mafunzo ya nzi wa matunda barani. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, hutoa misaada kwa vijana wa sayansi ya ubongo, na SONA ni chama cha wanasayansi wa ubongo wa Afrika. Soma masharti ya kila tangazo lilivyo mwaka huo, kwani tarehe hubadilika.

Usipojibiwa ndani ya wiki mbili, kumbusha mara moja kwa sentensi tatu, kisha uendelee na mwingine. Katika muda huo wote, usiuache ukoo wako ufe: wagawe katika makasha mawili, nyumba mbili tofauti, kwa sababu stima ikikatika siku nzima ya Machi, kasha moja halitoshi, na anayekujibu atataka kwanza kujua kama umelirudia jaribio na kupata jibu lile lile.